Mheshimiwa, Ulipiga Kura Gani?

Ukitaka kujua mbunge anapimwaje kuanzia Isebania hadi Oyugis, sikiliza anavyotambulishwa matangani. Mfawidhi atahesabu madarasa, atataja transfoma iliyofungwa sokoni, greda iliyopita mwezi jana, hema na viti vilivyoletwa usiku. Basari zitatajwa mara mbili. Mheshimiwa atainuka, atapungia umati, atachukua kipaza sauti, na bahasha itafuata. Muda wote huo hakuna atakayetaja mswada, wala hakuna atakayeuliza kengele ya Bunge ilipolia Jumatano yeye alikuwa wapi na alisema nini.

Desturi hii ina watetezi, na utetezi wao si wa kipuzi. Wanasema hivi: mbunge wa mashambani hakutumwa Nairobi kushindana kwa ufasaha. Sheria hailiwi. Kura moja kati ya wabunge 349 haiamui kitu, na hata hiyo moja si yake, ni ya chama. Kilichobaki mkononi mwake ni hela za hazina ya eneo bunge, basi apimwe kwa hizo: amejenga nini, amemlipia nani karo, amezika na nani. Mtoto wa mjane wa Karungu aliyebaki shuleni kwa sababu ya basari hana haja ya kusomewa Kifungu cha 95 cha Katiba kuhusu kazi za Bunge la Kitaifa.

Maneno hayo yamekaa vinywani mwetu muda mrefu hata yamekuwa kama wosia wa wazee. Mimi naona yametutia hasara, na hasara yenyewe inahesabika kwa shilingi.

Tuanze na hizo hela. Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria iliyofuata ya 2015 inaitengea angalau asilimia 2.5 ya mgao wa mapato wa serikali ya kitaifa. Ukigawa kwa maeneo bunge 290, kila moja linapata kama Sh200 milioni kwa mwaka. Si haba. Lakini bajeti aliyoisoma Waziri wa Fedha John Mbadi mwezi Juni 2025 (na Mbadi ni mtu wetu, aliyewahi kuwa mbunge wa Suba Kusini) ilipita Sh4 trilioni. Piga hesabu mwenyewe. Katika kila Sh20,000 za bajeti hiyo, shilingi moja ndiyo inayomfikia mbunge wako ili aikatie utepe. Sehemu kubwa ya zile 19,999 anaipigia kura. Nasi tumekubaliana kumpima kwa ile moja.

Tena hata hiyo moja ilitoka mifukoni mwetu, kwa kodi ya sabuni, ya petroli, ya salio la simu. Mbunge anayegawa basari huku picha yake ikining'inia nyuma ya meza ni mwenye duka anayekurudishia chenji yako kisha akangoja umpigie makofi.

Chukua mwalimu wa shule ya msingi hapo Rongo, mwenye mshahara wa Sh40,000 kabla ya makato. Ushuru wa nyumba humkata asilimia 1.5, yaani Sh600 kila mwezi, Sh7,200 kwa mwaka, na mwajiri wake hutoa kiasi hicho hicho. Mwalimu huyu akipata basari ya Sh5,000 kwa mwanawe wa sekondari, baada ya kupanga foleni na fomu iliyotiwa muhuri na chifu, atampigia mheshimiwa simu kumshukuru. Kuhusu zile 7,200 hatapiga simu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba zilipitia mkono ule ule. Mswada wa Nyumba za Bei Nafuu ulipitishwa na Bunge la Kitaifa Februari 21, 2024. Waliosema ndio walikuwa 141, waliosema la walikuwa 58. Jumlisha, unapata 199. Wabunge wapatao 150 hawakupiga kura kabisa, na hao ni wengi kuliko walioupitisha. Miongoni mwao najua lazima wamo waliokuwa wagonjwa, waliofiwa, waliotumwa nje kwa kazi ya Bunge. Sikatai. Lakini mtu asiniambie kura moja haina uzito wakati makato ya mishahara ya nchi nzima yaliamuliwa katika ukumbi uliopungukiwa na watu 150.

Ziwani nako ni yale yale. Juni 2023 Bunge lilipitisha kifungu cha Mswada wa Fedha kilichopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, kwa kura 184 dhidi ya 88. Tangu Julai mwaka huo kila lita inayomiminwa kwenye injini ya boti pale Mbita, Sindo, Sori au Muhuru Bay imebeba ongezeko hilo. Mvuvi hana pa kulikwepea, maana samaki siku hizi wako mbali na kuwafuata ni kuchoma mafuta. Mama anayechuuza omena hadi soko la Migori analilipa kwenye nauli. Kijana wa bodaboda wa Rodi Kopany analilipa kabla hajapata abiria wa kwanza. Wala hakuna kibao kando ya barabara kinachotangaza kwamba ongezeko hili limeletwa kwenu na mheshimiwa fulani. Vibao ni vya madarasa.

Miwa ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Mkulima wa Awendo, Uriri, Rongo au Ndhiwa anaishi na sheria shambani kila siku, ajue asijue. Kiwanda kipewe leseni na nani, sukari ya nje iingie kiasi gani, bei ya tani ipangweje, malipo yakichelewa mkulima amshtaki nani: hayo yote ni vifungu. Sheria ya Sukari ya 2024, iliyotiwa saini Novemba 1 mwaka huo, ilirudisha Bodi ya Sukari ya Kenya pamoja na tozo ya asilimia 4 ya kustawisha sekta hiyo. Aliyeuleta mswada wake ni mbunge wa Navakholo, Emmanuel Wangwe, mtu wa Kakamega. Sina ugomvi naye. Aliiona shida ya watu wake akaiandikia mswada. Miezi michache baadaye, Mei 2025, kiwanda cha sukari cha Sony hapo Awendo kilikodishwa kwa kampuni ya Busia Sugar Industry kwa miaka 30. Thelathini! Mtoto anayezaliwa leo Awendo huenda akawa na watoto wake mwenyewe kabla mkataba huo haujaisha.

Sasa, swali la kumuuliza mbunge wa ukanda huu wa miwa si amechimba visima vingapi. Ni hili: mswada ulipokuwa mbele ya kamati ya Bunge zima, kifungu kwa kifungu, wewe ulipendekeza marekebisho gani kwa niaba ya mkulima wa Sony? Uliyaandika? Yalikubaliwa au yalikataliwa? Majibu ya maswali haya yamo katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya Bunge, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwa simu yake akiwa ameketi juu ya trela la miwa akingoja zamu ya mizani. Tatizo letu si kukosa kumbukumbu. Ni kwamba hatuzidai, naye mheshimiwa anajua hatuzidai.

Nitaambiwa: chama. Mbunge wa Homa Bay akipiga kura kinyume na chama, amejichimbia kaburi. Hili lina ukweli wake. Septemba 2023 ODM iliwafukuza wabunge wake wanne na seneta mmoja, akiwemo mbunge Caroli Omondi wa Suba Kusini, kwa kujongeleana na serikali ya Rais William Ruto. Fimbo ya chama ipo, na inauma. Ila tazama kilichotokea baadaye. Kabla hata ya mwaka mmoja kwisha, Julai 2024, viongozi wakubwa wa ODM wenyewe waliteuliwa kuwa mawaziri wa serikali ile ile, Mbadi akiwa mmoja wao, na jambo likapewa jina la heshima, serikali jumuishi. Chama kilichowatimua watu kwa kumkaribia Rais kiliingia kwa Rais kupitia mlango wa mbele.

Sisemi hivyo kuikejeli ODM. Siasa ina misimu yake, na huko Kuria, ambako wabunge wote wawili walichaguliwa 2022 kwa tiketi ya UDA, chama cha Rais, hesabu ilikuwa tofauti tangu mwanzo. Ninachosema ni kwamba msimamo wa chama huhama, lakini kodi iliyopitishwa wakati wa msimamo wa jana haihami. VAT ya mafuta ilibaki pale pale wakati waliopigana juu yake wakila meza moja. Kwa hiyo anayetuambia kura ni ya chama anatuambia tumwache huru mtu pekee tuliyemchagua kwa jina lake, tukamshtaki bendera. Chama hakiji matangani, hakina simu, na hakiwezi kusimama kwenye uwanja wa Posta mjini Migori kikajibu maswali.

Halafu kuna Juni 2024, mwezi ambao nadharia yote ya kwamba raia hawajali kura ilianguka mchana kweupe. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walisambaza nambari za simu za wabunge na kuhimizana "kuwasalimia". Ujumbe ulimiminika hadi simu zikashindwa kufanya kazi nyingine. Mnamo Juni 25 Bunge liliupigia kura mswada huo: 195 wakasema ndio, 106 wakasema la, kura tatu zikaharibika. Nje ya ukuta wa Bunge waandamanaji walipigwa risasi na kufa. Siku ya pili Rais alikataa kuutia saini. Kwa wiki moja hivi mashambani na mjini palikuwa na swali moja: wako alisema nini? Wazee ambao hawajawahi kutamka neno Hansadi walikuwa wanajua jina la mbunge wao liko upande upi wa orodha. Mbunge aliyesema la alitembea sokoni kifua mbele, na mwenzake akakaa Nairobi hadi joto lilipotulia. Madarasa yalikuwa yale yale aliyoyajenga, na hayakumsaidia mtu.

Mwaka uliofuata, Juni 19, 2025, Mswada wa Fedha ulirudi na sura nyingine, ukapita kwa kura ya sauti.

Kura ya sauti ni hivi. Spika, au anayekalia kiti wakati huo, hutoa swali. Wanaounga mkono husema ndio kwa pamoja, wanaopinga husema la kwa pamoja, na masikio ya aliye kitini huamua upande uliovuma zaidi. Basi. Hansadi huandika kwamba swali lilitolewa na likakubaliwa. Hakuna jina hata moja. Aliyepiga kelele za ndio, aliyenyamaza, aliyekuwa mgahawani akinywa chai na aliyekuwa Kendu Bay akifungua kanisa, wote wanatoka sawa. Akidi ya Bunge la Kitaifa kwa mujibu wa Kifungu cha 121 cha Katiba ni wabunge 50. Mswada wa kawaida unaweza basi kupita kwa sauti za watu 26 na kutawala maisha ya mamilioni, na kesho yake kila mmoja wa wale 349 akaja kukuambia yeye aliupinga kwa nguvu zake zote. Utamkanusha kwa lipi?

Ninavyoona mimi, funzo walilolichukua wengi wao kutoka 2024 halikuwa kuchunga kura zao. Lilikuwa kuchunga majina yao.

Kuna hoja ya mwisho ya watetezi, na hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Wanasema: hata mbunge wetu akisimama, akazungumza vizuri, akataka majina yaitwe, akapiga kura ya la, upande wa pili una wengi. Atashindwa. Afadhali basi atumie muda wake kutafuta greda.

Jibu langu ni mwanamke wa Karachuonyo. Phoebe Asiyo aliwakilisha eneo hilo kuanzia 1980 hadi 1983, kisha 1992 hadi 1997. Alikuwa amefanya kazi magerezani na kuongoza shirika la Maendeleo ya Wanawake. Hakuwa mtu wa kutishwa na ukumbi wa wanaume. Mwaka 1997, katika Bunge ambalo wanawake walihesabika kwa vidole, alipeleka hoja ya kutaka wanawake watengewe angalau thuluthi moja ya nafasi za uongozi. Ikaangushwa. Kwa kipimo cha watetezi wetu, hapo alipoteza muda. Angalichimba kisima.

Kisima kingalikuwa kimekauka sasa, au pampu yake imeibwa. Hoja ile iliyoangushwa haikukauka. Iliokotwa na wanawake wengine, ikapita katika mikutano na mivutano ya kuandika katiba mpya, na mwaka 2010 Wakenya walipopiga kura ya maamuzi, kanuni kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ilikuwa ndani, pamoja na viti 47 vya Wawakilishi wa Wanawake, kimoja kila kaunti. Mwaka 2013 kiti hicho cha Homa Bay kilichukuliwa na Gladys Wanga. Akiwa bungeni alifika kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, na mwaka 2022 akachaguliwa gavana. Umpende usimpende Wanga, njia aliyopita ililimwa na mwanamke wa kaunti hiyo hiyo, kwa hoja iliyoshindwa. Mama Asiyo alifariki Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 92. Rambirambi zilipotolewa, kilichotajwa kwanza kila mahali kilikuwa ile hoja ya 1997. Sikusikia aliyetaja jengo.

Kanuni yenyewe ya jinsia haijatekelezwa kikamilifu bungeni hadi leo, na namna ilivyokwama inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana inaonyesha aina nyingine ya kura ambayo huku mashinani hatuihesabu. Mswada wa kurekebisha Katiba unahitaji kura 233 katika Bunge la Kitaifa. Februari 2019 mswada wa jinsia ulipofika hatua ya kupigiwa kura, waliouunga mkono hawakufika hata 200. Wabunge wachache sana walisimama hadharani kuupinga. Wengi hawakuja tu. Mahali panapotakiwa thuluthi mbili, kiti kitupu ni kura ya la, isipokuwa mwenye kiti hatolewi jasho wala hajibu swali la binti yeyote kwao.

Linganisha na Julai 1, 2025. Siku hiyo ulikuja mswada mwingine wa kurekebisha Katiba, wa kuingiza hazina ya maeneo bunge, ile ya Wawakilishi wa Wanawake na ya Seneti ndani ya Katiba yenyewe. Ukumbi ulifurika. Walioupitisha walikaribia 300 na hakuna aliyepinga. Hawakuwa wagonjwa siku hiyo, hawakuwa na matanga, magari hayakuharibika Narok. Chama tawala na upinzani waliimba wimbo mmoja. Kumbe wabunge wetu wanajua kabisa kura ni nini na akidi ni nini. Wanajua kufika.

Kwa nini walifika? Kwa sababu Septemba 2024 Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba na kwamba hazina ikome Juni 30, 2026. Sababu za majaji zinahusu kiini cha malumbano haya. Mbunge hupitisha bajeti na husimamia matumizi ya serikali. Akigeuka yeye mwenyewe kuwa mwenye mradi, anayepanga darasa lijengwe wapi na nani akutane na mkandarasi, nani atakayemsimamia? Tunaye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye kila mwaka hutoa ripoti ya hazina hii kwa kila eneo bunge. Ripoti hizo huenda wapi? Kwa kamati ya wabunge. Watu walewale, hela zilezile. Na mashinani, sisi tuliopaswa kuwa wakaguzi wa mwisho, tumeketi kwenye foleni ya basari, na mtu aliye kwenye foleni haulizi maswali mengi.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu matanga. Mbunge aje. Wafu wetu wana haki ya kuzikwa na watu, na kiongozi asiyelia na wenye kulia hafai hata kwa kura nzuri. Lakini tuangalie kalenda. Bunge la Kitaifa hukutana Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Huku kwetu mwili hutoka mochari Alhamisi au Ijumaa, na waombolezaji wa maana hutarajiwa kuonekana mapema. Tunapomnung'unikia mbunge kwa kukosa Alhamisi jioni, tunamwondoa ukumbini kwa mikono yetu wenyewe, kisha mafuta yakipanda tunashangaa walikuwa wapi wawakilishi wetu. Walikuwa kwetu, chini ya hema, kwa sababu tuliwaita.

Wapo pia wanaokubali kwamba kazi ya Bunge ipimwe, lakini wanaipima kwa njia ninayoitilia shaka. Shirika la Mzalendo hutoa kila mwaka ripoti ya nani amezungumza mara ngapi bungeni, na magazeti hukimbilia orodha ya mabubu. Nashukuru kwamba kuna mtu anayehesabu. Tovuti yao ya tangu 2005 imewasaidia wengi kuliko ofisi nyingi za serikali. Ila kuzungumza mara nyingi ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine. Kuna anayesimama mara hamsini kuunga mkono kilichosemwa na aliyemtangulia, na kuna asiyeonekana kwenye runinga anayekaa kwenye kamati siku nzima akigombania neno moja katika kifungu. Pendekezo la kutoza mkate VAT mwaka 2024 liliondolewa katika hatua ya kamati, huku vijana wakiwa barabarani, kabla ya ukumbi kupiga kura yoyote. Kwa hiyo tukiacha kuhesabu madarasa tusiangukie kuhesabu hotuba.

Wala sidai hatuna wabunge waliofanya kazi hiyo. Tunao, na kosa ni kwamba hatuwasifu wala kuwasuta kwa ajili yake. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 ilitokana na mswada wa Millie Odhiambo, wakati huo akiwa mbunge mteule, kabla Mbita, ambayo sasa ni Suba Kaskazini, haijamchagua 2013. Msichana anayevushwa mpaka wa Isebania kwa ahadi ya kazi ya nyumbani analindwa na karatasi ile, iwe afisa wa polisi ameisoma au hajaisoma. Peter Kaluma wa Homa Bay Mjini naye ndiye aliyeleta marekebisho ya Sheria ya Urithi yaliyotiwa saini Novemba 2021, yaliyofafanua ni nani anayehesabiwa kuwa mume au mke wa marehemu. Marekebisho hayo yana wapinzani wenye hoja, hasa wanaosema yanaweza kuwatupa nje wanawake walioishi na mtu miaka mingi bila cheti. Huo ndio mjadala ninaoutamani. Badala yake tunakutana kwenye matanga ambako wajane wawili wanatazamana kwa macho makavu pande mbili za jeneza, sheria inayowahusu imeandikwa na mbunge aliyeketi mstari wa mbele, na mfawidhi anamkaribisha kwa kutaja choo cha shule.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kabla yake kuna Mswada mmoja wa Fedha kila mwaka, kuna miswada ya ugavi wa mapato ambayo huamua hospitali za rufaa za Migori na Homa Bay zitapata dawa kiasi gani, na kuna lolote litakalokuja kuhusu sukari na ziwa. Kumtaka mbunge aeleze kura zake hakuhitaji shirika wala ufadhili. Chukueni kipaza sauti baada yake, kwa adabu, mkamwambie, "Mheshimiwa, tunashukuru kwa hema. Ule mswada wa juzi ulisemaje?"

Akijibu kwamba ulipita kwa sauti na hakuna majina, mwambieni hiyo pia ina dawa. Kanuni za Kudumu za Bunge la Kitaifa zinasema wabunge 30 wakisimama kuunga mkono ombi hilo, kura ya sauti huwekwa kando na kila mmoja hupiga kura yake ikaandikwa dhidi ya jina lake. Migori ina maeneo bunge manane, Homa Bay manane, Kisumu saba na Siaya sita. Ongeza Wawakilishi wa Wanawake wanne. Hao ni wabunge 33 kutoka kaunti nne zinazopakana na ziwa moja. Hata watatu wakiwa matangani, idadi inatosha.